Tunazindua programu, nani anazitunza?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji nijibu makala iliyotoka gazetini kwenu kuhusu vijana na teknolojia. Mwandishi wenu alisema Tanga inahitaji programu mpya kwa wingi, akaongeza kwamba lugha za kuandikia programu zimeshakamilika na kilichobaki ni vijana kuzitumia tu. La kwanza sina ugomvi nalo. La pili limenikera, kwa sababu riziki yangu inategemea watu ambao kwa hesabu yake hawana tena la kufanya.

Mimi ni fundi wa programu hapa Ngamiani. Zamani nilikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge, na mpaka leo mteja wangu mkubwa ni shamba. Programu niliyowaandikia inapokea uzito wa singa, yaani nyuzi za mkonge, zinazotoka korona, mashine ya kuchakata majani yake, inahesabu marobota, inajua nani kakata mafungu mangapi, na mwisho wa mwezi inatoa orodha ya malipo. Hakuna maajabu ndani yake. Nimeiandika kwa lugha iitwayo Haskell, moja ya zile zinazoitwa lugha za funksheni. Humo unaandika kazi kama fomula ya hesabu: ukiipa kitu kilekile inakurudishia jibu lilelile, leo na kesho, na haigusi vitu vya pembeni bila kusema. Kompaila ninayoitumia ni GHC, ambayo herufi ya kwanza ya jina lake ni ya Glasgow, Uskochi, kwenye chuo kikuu ilikozaliwa.

Kwa msomaji ambaye mambo haya ni mageni, nieleze kidogo. Prosesa ya kompyuta haielewi Haskell wala Kiswahili. Inaelewa maelekezo mafupi ya namba: chukua hiki, jumlisha na kile, weka pale. Kompaila ni programu inayosoma maandishi ya mtu na kuyageuza kuwa maelekezo hayo. Ikikosea kugeuza, hata programu iliyoandikwa kwa uangalifu itatoa majibu ya uongo, na mwenye programu atalitafuta kosa kwake mwenyewe usiku kucha bila kuliona, kwa sababu halipo kwake.

GHC nimeipenda kwa ukali wake. Katika programu ya shamba, kilo ni aina moja na shilingi ni aina nyingine. Kijana ninayefanya naye kazi aliwahi kuandika mstari unaojumlisha posho na uzito wa singa. Kompaila ilikataa. Ikaonyesha mstari wenyewe na mahali neno linapoanzia, ikasema ilitarajia shilingi, imepewa kilo. Programu ilikuwa haijawashwa hata mara moja. Enzi zangu za daftari kosa la namna hiyo lingeonekana siku ya malipo, wakata mkonge wakiwa wamejipanga dirishani, na kila mmoja ana hesabu yake kichwani ambayo haikosei hata senti. Na ukali huo hauipunguzii programu kasi, maana ukaguzi ukishapita alama za kilo na shilingi zinaondolewa, prosesa inabaki na namba tupu.

Sasa turudi kwenye hoja kwamba lugha zimekamilika. Haskell ilianza mwaka 1987, pale watafiti waliokutana Portland, Marekani, walipoona kila kikundi kina lugha yake ndogo ya funksheni, wakakubaliana kuunda moja ya pamoja. Waraka wa kwanza wa lugha ulitoka 1990, na jina wakalichukua kwa mwanamantiki wa Marekani, Haskell Curry. Huko Glasgow kazi ya kompaila ilianza 1989 na toleo la majaribio likatoka 1991. Simon Peyton Jones, mmoja wa waanzilishi, alihamia maabara ya utafiti ya Microsoft mjini Cambridge mwaka 1998 na kompaila akaenda nayo, akiwa na mwenzake Simon Marlow. Baadaye Marlow akahamia Facebook na Peyton Jones akaenda Epic Games. Waajiri wamebadilika, kompaila imebaki wazi kwa yeyote kuisoma na kuirekebisha, na hadi leo inatoa matoleo mapya. Zaidi ya miaka thelathini, na watu wenye vichwa kama vile! Ingekuwa kitu cha kukamilika, si kingekuwa kimekamilika?

Watu huuliza, basi wanafanya nini miaka yote hiyo? Nitoe mfano kutoka mezani kwangu.

Katika programu ya shamba kuna aina niliyoiita Jumla. Inabeba kilo, marobota na fedha, na kuna kanuni ya kuunganisha Jumla mbili ziwe moja: ya asubuhi na ya jioni, ya kitalu hiki na kitalu kile. Vitu vinavyounganishika namna hiyo, na vikawa na sifuri yao, yaani kitu ambacho ukikiunganisha na kingine hakibadiliki chochote, Haskell inaviweka kwenye kundi liitwalo Monoid. Kuna kundi pana zaidi, Semigroup, la vitu vinavyounganishika tu, sifuri iwepo isiwepo. Kihesabu, kila kilichomo kwenye Monoid ni lazima kiwe kwenye Semigroup. Kompaila haikudai hivyo kwa miaka mingi, kwa sababu Monoid ndiyo iliyotangulia kuingia kwenye maktaba ya msingi, yaani ule mkusanyiko wa kazi zilizoandikwa tayari unaokuja na kompaila. Watunzaji wakaamua kunyoosha. Mwaka 2016, katika toleo la 8.0, waliingiza Semigroup kwenye maktaba hiyo pamoja na onyo kwa atakayeomba kuonywa. Mwaka 2018, toleo la 8.4, onyo likageuka kuwa sharti. Aliyekuwa na Monoid bila Semigroup, programu yake haikompailiwi.

Kwangu mimi marekebisho yalikuwa mistari michache. Kanuni ya kuunganisha niliihamisha kutoka kundi moja kwenda jingine, basi. Lakini programu yangu imekaa juu ya vifurushi vya watu wengine, yaani vipande vya programu walivyoandika wao nami navitumia, na kila kifurushi kilipaswa kurekebishwa na mwenyewe. Wengi walikuwa wamewahi, wengine walichelewa, na kimoja mwenyewe alikuwa ameshakiacha, ikabidi nikirekebishe mimi. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Nilipopeleka ankara shambani, mhasibu, mzee mwenye busara na mkono mgumu, akavua miwani.

“Mwanangu, mwezi uliopita programu ilitoa mishahara sawasawa?”

“Ndiyo, mzee wangu.”

“Na mwezi huu?”

“Sawasawa.”

“Sasa hapa nalipia nini?”

Nikamuuliza vyuma vya korona huwa wanavibadilisha vikishavunjika au kabla. Hakunijibu. Aliniangalia kidogo, akasaini, akasema mwaka ujao niandike maelezo marefu zaidi kwenye ankara, kwa sababu na yeye ana wa kumuuliza.

Ninachotaka msomaji akione hapo ni namna mabadiliko yale yalivyofanywa. Hayakuja usiku mmoja. Yalijadiliwa hadharani, onyo likatangulia, sharti likafuata baada ya takriban miaka miwili. Miaka mitatu kabla ya hapo, toleo la 7.10 la mwaka 2015 lilikuwa limeleta badiliko jingine la aina hiyohiyo, la makundi mengine mawili, Applicative na Monad, nalo lilitanguliwa na onyo katika toleo la 7.8. Tangu 2016 yeyote anayetaka kubadili lugha anaandika pendekezo, watu wanalichambua, kamati inaamua. Wakati mwingine wanakubali kwamba wameumiza watu. Toleo la 9.0 la mwaka 2021 lilirahisisha kanuni moja ya kulinganisha aina. Kompaila ikawa nyepesi kwa watunzaji, ila programu za watu zikaanza kukataliwa mahali ambapo zamani zilipita. Malalamiko yakawa mengi. Mwaka uliofuata wakaweka swichi ya kurudisha kanuni ya zamani kwa anayeihitaji. Natamani ofisi nyingi ninazozijua zingekuwa na moyo huo.

Sababu nyingine ya kazi kutoisha ni mashine zenyewe. Kwenye mizani tumeweka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ya ukubwa wa kiganja, kwa kuwa laptopu haidumu kwenye vumbi la singa. Prosesa yake ni ya ARM, aina yenye maelekezo yake tofauti na ya prosesa za laptopu nyingi. Hadi kabla ya toleo la 9.2, lililotoka 2021, GHC ilikuwa haina njia yake yenyewe ya kutoa maelekezo ya ARM ya biti 64. Ilipitia mradi mwingine uitwao LLVM, na kukompaili kulikuwa kwa kusuasua. Apple walipoanza kuhamishia kompyuta zao kwenye ARM mwaka 2020, haja ikawa kubwa, na njia ikaandikwa. Hao walioandika walikuwa hawaijui mizani yangu. Lakini mizani yangu ilinufaika, na mimi sikuandika hata herufi moja.

Kisha kuna hitilafu zilizojificha. Facebook walipohamishia mfumo wao wa kupambana na ujumbe taka kwenye Haskell, mfumo unaojibu maombi zaidi ya milioni moja kwa sekunde, ulikuwa unaanguka kila baada ya saa chache. Walipochimba wakakuta kosa limo ndani ya GHC yenyewe, katika sehemu inayokusanya memori isiyotumika tena. Lilikuwa limekaa humo miaka kadhaa bila mtu kuliona, kwa sababu hakuna aliyewahi kuitwisha mzigo wa namna ile. Wakalirekebisha, na marekebisho yakarudi kwa kila mtu. Hitilafu ya aina hiyo haipatikani kwa kuzindua kitu kipya. Inapatikana kwa kukaa na kitu cha zamani na kukitazama.

Na kompaila haijifanyi haina makosa. Ikikwama ndani yake yenyewe, kosa likiwa si la mwandishi wa programu, inatoa ujumbe unaosema kwamba lisilowezekana limetokea, inataja toleo lake, kisha inakuomba uripoti hitilafu hiyo. Mara ya kwanza kuuona kijana wangu alidhani ameharibu laptopu. Nikampa kazi ambayo kwa maoni yangu ndiyo shule nzuri kuliko zote: apunguze. Ukiripoti hitilafu huwezi kumpelekea mtunzaji programu nzima ya shamba, pamoja na majina ya watu na mishahara yao, umwambie atafute. Unafuta nusu, unakompaili tena. Hitilafu bado ipo? Futa tena. Imepotea? Rudisha ulichofuta mwisho, futa kingine. Unaondoa vifurushi vya nje kimoja kimoja. Mwisho kijana wangu akabaki na mistari michache isiyo na maana yoyote kwa shamba, hakuna mkonge wala mshahara, ila inaiangusha kompaila kila ukiiendesha. Alipofika hapo alikuwa ameielewa sehemu ile ya lugha kuliko mimi. Tulipotafuta kwenye orodha ya hitilafu tukakuta mtu mwingine ameshairipoti. Tukaongeza kipande chetu, kwa kuwa kilikuwa kifupi kuliko cha kwake. Toleo dogo lililofuata likaja limerekebishwa.

Kila hitilafu ikirekebishwa, kipande cha kuionyesha kinawekwa kwenye ghala la majaribio, kikipewa namba ya ripoti yenyewe, na tangu siku hiyo kinaendeshwa kila mtu anapoleta badiliko jipya. Majaribio hayo ni maelfu. Mengine hayaangalii kama jibu ni sahihi, yanaangalia kama kompaila imeongeza ulaji. Nilichokipenda hapo ni kwamba hawapimi kwa saa. Muda hubadilika kompyuta ikiwa na shughuli nyingine au ikipata joto, na sisi wa Tanga joto la Februari tunalijua. Wanahesabu baiti za memori ambazo kompaila imeziomba. Zikipanda kupita kiwango kilichowekwa, jaribio linafeli na mwenye badiliko anatakiwa ajieleze.

Ukifungua msimbo wa GHC, yaani maandishi ya programu kabla hayajakompailiwa, utakuta pia maandishi marefu katikati ya mistari, kila moja lina kichwa chake na linaanza na neno Note. Si yale maelezo mafupi ya kusema mstari huu unajumlisha. Ni masimulizi: tulijaribu hivi, tukakwama pale, ndiyo maana tumefanya hivi, usiondoe kabla hujasoma hitilafu namba fulani. Sehemu nyingine za msimbo zinakurudisha kwenye Note hiyo kwa jina. Aliyeandika anaweza kuwa alishaondoka, ameajiriwa kwingine, na bado anayemrithi anaelewa kwa nini ukuta ule umejengwa pale. Sijaona ofisi yoyote hapa kwetu inayodai maandishi ya namna hiyo kwa mtu aliyewaandikia programu. Kinachodaiwa ni mwongozo wenye picha za vitufe.

Ndani yake kompaila inafanya kazi kwa hatua. Inasoma maandishi, inayatambua majina, inakagua aina, kisha inaishusha programu nzima iwe lugha ndogo ya ndani iitwayo Core. Haskell ni pana, Core ina maumbo kumi tu. Humo ndimo inapofanya ufundi wake mkubwa, kuchomeka funksheni hii ndani ya ile, kuondoa hesabu isiyotumika, kupanga upya, mara kwa mara. Na kwa kuwa Core nayo ina aina, kuna mkaguzi wa ndani aitwaye Core Lint anayeweza kuwashwa baada ya kila hatua kuona kama ufundi umevuruga kitu. Watunzaji wanajikagua wenyewe kwa ukali uleule wanaotukagulia sisi.

Jambo jingine linalowashangaza vijana ni kwamba GHC imeandikwa kwa Haskell. Ili kuikompaili unahitaji GHC ya kabla yake. Ya zamani inakompaili msimbo mpya, inapatikana kompaila ya hatua ya kwanza. Hiyo inakompaili msimbo uleule tena, inapatikana ya hatua ya pili, ndiyo inayotolewa kwa watu. Kwa hiyo kila toleo limezaliwa na lililotangulia, na mnyororo huo umekuwa ukishikiliwa na watu tangu miaka ya tisini mwanzoni. Wakiacha kwa muda mrefu, kurudi ni tabu.

Msomaji anaweza kusema haya ni mambo ya wataalamu, yeye anauza machungwa ya Muheza na hayamhusu. Machungwa yenyewe leo yanauzwa kwa WhatsApp. Seva za WhatsApp zimejengwa kwa lugha nyingine ya funksheni, Erlang, iliyoanzia kampuni ya simu ya Ericsson nchini Uswidi mwaka 1986 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1998. Facebook ilipoinunua WhatsApp mwaka 2014, ilikuwa na watumiaji milioni 450 na wahandisi takriban 32. Hesabu hiyo huwa inatajwa kama sifa ya WhatsApp, na wanaistahili. Mimi naona na mafundi wengine ambao hawamo kwenye ile 32: wale wa Ericsson ambao mwaka hadi mwaka wanaitunza kompaila ya Erlang na mashine inayoendesha programu zake. Mwaka 2021, katika toleo la 24, waliweka njia ya kugeuza programu kuwa maelekezo ya prosesa moja kwa moja wakati wa kuwashwa, na programu nyingi za Erlang zikaongezeka kasi bila wenye programu kubadili neno.

Na wanalipwaje? Hapa ndipo penye somo kwa wenye bajeti. GHC sehemu inafanywa na watafiti wa vyuo, sehemu na wanaojitolea, na sehemu na mafundi wa kuajiriwa, kama wale wa kampuni ya Well-Typed, wanaolipwa na kampuni zinazoitegemea kompaila ili ibaki hai. Mwaka 2020 ukaundwa mfuko, Haskell Foundation, kwa ajili ya kukusanya nguvu hizo. Kazi ya kupitia mabadiliko, kurudisha marekebisho kwenye matoleo ya zamani na kuandaa toleo lisilomvunjia mtu haipendezi kwenye picha, lakini pasipo mtu wa kulipwa kuifanya, haifanyiki kwa wakati.

Sasa nije nyumbani. Chama kimoja cha akiba na mikopo hapa mkoani, sitakitaja, kiliandikiwa programu ya simu. Uzinduzi ulikuwa na keki, mshereheshaji na fulana. Mfumo wa simu ulipopanda matoleo, programu ikaanza kugoma kwenye simu mpya. Waliitafuta kampuni iliyoiandika, wakaambiwa mkataba uliisha siku ya makabidhiano. Waliniita mimi. Nikaomba msimbo. Hawakuwa nao. Walichokabidhiwa ni programu iliyokwisha kukompailiwa, yaani zile namba za prosesa, na hapo hata fundi wa Glasgow asingefua dafu. Karani wao amerudi kwenye daftari, na kusema kweli daftari lake ni zuri. Sina shaka programu ile bado inahesabiwa kwenye taarifa fulani kama mafanikio ya teknolojia.

Ndiyo maana napinga kusema tunahitaji programu mpya tu. Ninazo hoja mbili za kufanyiwa kazi na wala hazihitaji semina. Kila mkataba wa programu kwenye halmashauri zetu, vyama vya ushirika na SACCOS uwe na kifungu cha matunzo chenye fedha ya kila mwaka, na kifungu cha kukabidhi msimbo pamoja na maelezo ya toleo la kompaila na vifurushi vyote vilivyotumika. Zabuni isiyo na vifungu hivyo irudishwe kwa aliyeiandika. Anayesema ni ghali afanye hesabu ya kuandika upya kila baada ya miaka michache, maana hivyo ndivyo tunavyofanya sasa.

Pili ni vyuo. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anatakiwa kubuni mradi mpya, na wengi hubuni kilekile: mfumo wa maktaba, mfumo wa hosteli, mfumo wa mahudhurio. Mwaka unaofuata wadogo zao wanaanza tena kutoka sifuri. Kwa nini nusu yao wasipewe mradi wa mwaka jana waurekebishe, waupandishe matoleo, waandike kwa nini umejengwa ulivyojengwa? Au wapewe hitilafu iliyo wazi kwenye kompaila kama GHC, au kwenye kifurushi kilichoachwa na mwenyewe, na walimu wasahihishe walichofikia? Msimbo uko wazi, mazungumzo yako wazi, na anayekagua kazi yako hakuulizi umesoma wapi. Kijana wangu alijibiwa na mtu asiyemjua, kwa adabu, akaombwa maelezo zaidi, akayatoa. Alikuwa amekaa barazani Ngamiani na bando la wiki. Kiingereza chake ni cha kuungaunga na kilitosha, kwa sababu mistari aliyoipunguza ilijieleza.

Najua kuna watakaosema vijana wa Tanga wakatafute kazi za bandarini na za bomba la mafuta la Chongoleani, haya ya kompaila ni ya Wazungu. Waende, kazi ni kazi. Lakini hata huko watakuta mizani, mafuta yanayopimwa, mishahara inayohesabiwa, na programu iliyoandikwa na mtu aliyeondoka.

Kwako Mhariri nina ombi. Mtume mwandishi kwenye ofisi yoyote iliyozindua programu miaka mitano iliyopita, awaulize mambo mawili: nani anao msimbo, na unakompailiwa kwa toleo gani. Majibu myachapishe kwenye ukurasa uleule mnaoweka picha za uzinduzi.

Wako,
Fundi wa programu,
Ngamiani, Tanga.